Sahani Hutangulia Dhahabu

Rashi, yaani mkurupuko wa kukimbilia dhahabu mpya, ikizuka, habari husafiri kwa simu na bodaboda, na baada ya siku chache kilichokuwa shamba la muhogo kinakuwa mji wa maturubai. Wa kwanza kufika ni wachimbaji na nyundo zao, tindo na kamba. Wa pili, mara nyingi jioni ile ile, ni wanawake wenye masufuria kichwani na ndoo ya unga mkononi. Karasha, mashine ya kusaga mawe, bado haijaletwa, mnunuzi wa dhahabu hajafungua kibanda, afisa madini hajafika kupanga utaratibu, lakini mafiga yameshatengwa na maharage yanachemka.

Sura hii inawahusu wanawake hao na vyakula wanavyopika katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita na Katoro. Sijakula katika sehemu nyingine ya nchi hii ambako vyakula vya makabila vimekaribiana kiasi hiki katika kibanda kimoja, Dar es Salaam ikiwemo. Ukiwauliza wenyeji sababu, watakujibu haraka: ni dhahabu. Watu wametoka kila upande, kila mmoja akaja na chakula cha kwao. Jibu hilo halinitoshi. Watu wametoka kila upande kwenda Dar es Salaam pia, na huko wengi wetu tunaishia kwenye chipsi mayai na wali maharage. Kilichomfanya Msukuma apike mgebuka na Mkurya azoee ndizi za Kihaya huku machimboni, kwa jinsi ninavyoona, ni deni.

Nilifika Shinyanga nikiwa mwanafunzi, kutoka Pangani, kuja kusoma ushirika Kizumbi, kwenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Kwa mtoto aliyelelewa kwa wali wa nazi na mchuzi wa changu, Shinyanga ilikuwa ng'ambo. Nazi zipo sokoni, ila zimesafiri sana na bei yake inaonyesha. Mahali pa tui, Wasukuma wameweka karanga. Karanga zilizotwangwa huingia kwenye mlenda, kwenye mgagani, na kwenye nsansa, yaani majani ya kunde yaliyochemshwa na kuanikwa mpaka yakawa meusi na makavu. Ukiyaona sokoni yamerundikwa kwenye gunia huwezi kudhani ni mboga. Yakilowekwa, yakachemshwa taratibu na karanga zikamiminwa juu, yanatoa ladha nzito inayokaribia ya nyama, na ugali wa mtama unashuka nayo vizuri kuliko na kitu kingine chochote.

Jiko la Kisukuma limejengwa juu ya kukausha, kwa sababu ya hali ya hewa. Mvua huanza mwishoni mwa mwaka na ikishakatika, jua linabaki peke yake kwa miezi. Viazi vitamu vikivunwa vingi kwa mpigo, haviwezi kukaa. Basi vingine humenywa, vikakatwa vipande vyembamba na kuanikwa vibichi juu ya majabali: hiyo ndiyo michembe. Vingine huchemshwa kwanza, ndipo vikakatwa na kuanikwa: hayo ni matobolwa. Tofauti ni kubwa mdomoni. Michembe lazima ipikwe, na ikipikwa inalainika na kuwa tamu kwa upole. Matobolwa unatafuna hivyo hivyo, magumu kidogo, yanavutika, na utamu wake umekolea. Ukiwa na chai ya rangi na kazi ya kusoma usiku, yanatosha kukufikisha alfajiri.

Bwenini tulikuwa na meza yetu ya mchanganyiko, na yote ililetwa na likizo. Mwenzetu wa Muleba alirudi na senene waliokaangwa, kwa sababu Novemba na Desemba ndio msimu wao kwao. Wa Kasulu alileta mawese kwenye chupa ya soda na dagaa wa Kigoma. Wa Maswa alibeba michembe. Tuliokuwa tumetoka Pwani tulikuwa na viungo vya pilau, na hivyo vilitupa heshima isiyolingana na uzito wake. Lakini meza ile ilikuwa ya zawadi: ukitaka unaonja, hutaki unapisha. Mwanafunzi anaweza kukaa miaka mitatu akionja vyakula vya wenzake kwa ncha ya kidole na kuondoka na ulimi ule ule aliokuja nao. Kwangu mambo yalibadilika nilipokwenda fildi Kahama, kwenye chama cha akiba na mikopo kilichokuwa na wanachama wengi kutoka machimboni, na kazi yangu ikawa kusikiliza jinsi watu wanavyokopa.

Kahama ipo mahali pazuri pa kula. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda na Burundi hupita Nzega, Tinde, Isaka, Kahama, Ushirombo na Runzewe, hadi Nyakanazi ambako njia zinagawanyika. Isaka kuna bandari kavu, kwenye reli ileile ya Tabora hadi Mwanza iliyokamilika mwaka 1928. Kutoka Nyakanazi ukishuka kusini unafika Kakonko, Kibondo na Kasulu, nchi ya Waha. Ukipanda kaskazini unafika Biharamulo na kuingia Uhayani. Kila chakula cha kutoka mbali utakachokikuta kibandani Kahama kimepita kwenye mojawapo ya barabara hizo. Mchele ni wa hapa hapa, umelimwa kwenye majaruba ya udongo mweusi wa mbuga, na ndio wali ambao madereva wa malori huusimulia mpaka mipakani.

Sasa nieleze jinsi duara linavyolishwa, maana bila hilo hoja yangu haisimami. Duara ni shimo la mchimbaji mdogo. Mwenye duara hulipia kamba, matimba ya kuzuia kuta zisianguke, pampu ya maji kama chini kuna maji, na chakula. Wachimbaji hawalipwi mshahara. Wanachimba wiki kadhaa, pengine miezi, mpaka wafikie mwamba wenye dhahabu; hapo mawe hujazwa kwenye mifuko na mgao hufanyika, kila mtu kwa fungu lake, mwenye eneo na mwenye duara wakiwa na mafungu yao. Mawe yanapelekwa karashani kusagwa, halafu mwaloni kuoshwa. Kati ya siku ya kwanza na siku ya mgao hakuna anayeshika fedha. Chakula cha mwenye duara, unga na maharage au dagaa, kinatosha kumzuia mtu asianguke. Supu ya asubuhi, chapati, kipande cha nyama jioni, chai ya jioni yenye tangawizi, hivyo vyote mchimbaji anavitafuta mwenyewe, na anavitafuta kwa mkopo.

Mkopo huo uko kwenye daftari la mama lishe. Nililiona la kwanza Kakola, mji uliokua pembeni ya mgodi wa Bulyanhulu, kwa mama mmoja wa Kisukuma aliyekuwa na kibanda cha mabati na mabenchi manne. Daftari la shule, jalada limelowa mafuta, kila ukurasa jina moja la utani, na chini yake mistari: chai, chapati mbili, ugali mgebuka, ugali dagaa, supu. Hakuna riba. Hakuna dhamana. Kuna siku ya mgao tu, ambayo haijulikani. Nilikuwa nimetoka darasani na kichwa kimejaa kanuni za mikopo, na hapa palikuwa na mkopeshaji anayekopesha watu wasio na anwani, kwa marejesho yasiyo na tarehe, na biashara yake ilikuwa imedumu miaka.

"Mwangaluka mayu," nilimsalimia, nikitumia Kisukuma kidogo nilichokuwa nacho.

"Mwangaluka, mwanangu. Kaa. Leo kuna ugali wa mahindi, ugali wa muhogo na ndizi. Utakula upi?"

Nilimuuliza kwa nini ajisumbue na vyungu vitatu wakati mama lishe wa mjini anapika kimoja. Akanifunulia daftari.

"Huyu Muha. Huyu Muha. Huyu ametoka Karagwe. Hawa wawili ni watoto wa hapa hapa Msalala. Mtu anayekula kwa deni miezi miwili, mwanangu, ukimpa chakula asichokizoea atahamia kibanda cha jirani, na pesa yangu inahama naye. Nikimpikia cha kwao, hata dhahabu ikimtoka akiwa usingizini atakuja hapa kwanza."

Nimesoma maandiko mengi kuhusu mikopo midogo tangu siku ile, na sijakutana na maelezo yaliyonyooka zaidi ya hayo. Mteja wa taslimu anachagua kibanda kila siku upya, kwa hiyo mpishi wake anaweza kupika kinachopendwa na wengi na kuishia hapo. Mteja wa mkopo lazima abaki. Chakula cha kwao ndicho kinachomshikilia, na ndicho kinachomlazimisha mpishi kujifunza.

Mama yule alijifunza mgebuka kwa mdeni wake. Kijana wa Kasulu, duara lao lilipojaa maji na mgao ukapotea, alikwenda kwao na kurudi na dumu la mawese na fungu la samaki wakavu kulipa sehemu ya deni, akakaa jikoni asubuhi nzima kumwelekeza. Nilimwona akipika hivyo hivyo. Mgebuka aliyebanikwa hulowekwa kwenye maji ya vuguvugu mpaka ngozi ilegee, anasafishwa, mifupa mikubwa inatolewa. Mawese yanachemshwa peke yake kwanza, mpaka wekundu unapungua ukali na harufu ya ubichi inaondoka. Mama aliweka kiganja juu ya sufuria kupima moto, hakutazama saa. Kisha vitunguu, nyanya, chumvi, pilipili nzima isiyokatwa, halafu samaki, maji kidogo, mfuniko. Ugali wa muhogo hauhitaji uji wa kutangulia kama wa mahindi: maji yakichemka, unga unamwagwa kwa wingi na mwiko unaanza kazi mara moja, kwa nguvu ya mabega, mpaka bonge linavutika na kung'aa. Unga aliotumia ulikuwa udaga wa Kanda ya Ziwa, muhogo uliofunikwa ukavunda kidogo kabla ya kuanikwa, kwa hiyo ugali ulikuwa wa kahawia wenye uchachu wa mbali. Muha wa Kasulu angesema si ule wa kwao hasa. Kwa mchuzi ule wa mawese ulikaa vizuri kuliko wowote, na watoto wa Msalala waliokuwa benchi la pili walikuwa wameagiza sahani hiyo hiyo.

Hilo la mwisho ndilo lililonikamata. Kile alichojifunza ili kumshika Muha kikawa chungu cha kila mtu, kwa kuwa kipo, kinanukia, na ukurasa wa daftari uko wazi. Baada ya muda watoto wa kienyeji hawakiiti chakula cha Waha tena. Wanakiita "cha kwa mama".

Kuna ushahidi mwingine unaonifanya niamini kwamba deni ndilo chanzo, na unatoka kwenye migodi yenyewe. Dhahabu ya Geita ilianza kufahamika enzi za Wajerumani, na mgodi wa chini ya ardhi ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966. Mwadui, upande wa Shinyanga, almasi iligunduliwa mwaka 1940 na John Williamson, mjiolojia wa Kanada. Vibarua wa migodi ya enzi ile walitoka makabila mengi, kama wachimbaji wa leo. Lakini walipewa posho: unga wa mahindi na maharage kwa kipimo, sawa kwa wote. Posho huondoa njaa, ila haimsikilizi mtu. Aliyezoea mtama alikula mahindi, aliyezoea ndizi alikula mahindi, na sehemu ya sababu ya mahindi meupe kutawala meza zetu iko kwenye mizani ile.

Leo migodi mikubwa inafanya kitu kinachofanana, kwa ubora wa juu zaidi. Geita Gold Mining ilianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001; Buzwagi, iliyoanza mwaka 2009, ilifungwa mwaka 2021. Ndani ya uzio kuna kantini, vyakula vingi, usafi, vipimo vya lishe. Mhandisi kutoka Ghana au Afrika Kusini anaweza kumaliza mkataba wake bila kujua mlenda ni nini, na mwenyeji anayefanya kazi naye anaweza asijue Mghana anakula nini kwao. Mkataba wa chakula umesainiwa na kampuni, si na mlaji. Mpishi hana sababu ya kumuuliza mtu kwao ni wapi. Nje ya uzio, mita chache tu, mama mwenye daftari anauliza swali hilo kwa kila mgeni kabla hajakaa.

Na wageni hawaishi. Mkoa wa Geita uliundwa mwaka 2012, na sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,739,530. Sensa ya 2022 ikahesabu 2,977,608. Si wote walifuata dhahabu, maana familia za huku ni kubwa na ardhi ya kulima bado inavuta watu. Lakini ukisimama sokoni Katoro siku ya gulio unaona watu hao wanakula nini. Katoro iko kwenye njia ya kutoka Geita kwenda Biharamulo na Bukoba, machimbo yako pande zake, na soko lake limekua kupita hadhi ya mji. Mikungu ya ndizi inashuka kutoka Kagera. Dagaa, sato na sangara wanatoka ziwani. Udaga unapimwa kwa madebe. Kuna wauza mawese wenye madumu ya njano yaliyopangwa kama askari, na pembeni yao kina mama wa Kisukuma wenye michembe na karanga. Nilipenda sana kibanda kimoja kilichokuwa kinapika ndizi na maharage kwa mtindo wa Kihaya, lakini kikimalizia na karanga za Kisukuma badala ya samli. Mpishi alikuwa Mzinza. Hakuna kitabu cha mapishi chenye sahani hiyo.

Samaki nao wamepata njia fupi. Zamani lori la samaki kutoka Mwanza lilisubiri kivuko cha Kigongo na Busisi, na barafu ikiyeyuka foleni ikiwa bado ndefu, wachuuzi walipata hasara. Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa Juni 2025, na kuvuka sasa ni dakika chache. Kwa mama lishe wa Geita, sato mbichi ameacha kuwa chakula cha bahati.

Siwezi kuandika juu ya meza hii na kunyamaza kuhusu kinachoitishia. Zebaki inayokamata dhahabu mwaloni huchomwa ili iondoke, na wapo wanaoichomea jikoni, kwenye moto ule ule wa ugali, watoto wakiwa karibu. Moshi wake hauna harufu ya kumwonya mtu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na bado chombo rahisi cha kunasa mvuke huo, ambacho fundi wa mtaani anaweza kukitengeneza kwa mabomba, hakijafika kwenye vibanda vingi nilivyovitembelea. Halafu kuna pemba, vile vijiti vya udongo wanavyotafuna wajawazito. Mwaka 2014 watafiti waliokuwa na Elias Nyanza wa Chuo Kikuu cha Bugando, Mwanza, walichapisha utafiti uliofanyika kwa wajawazito katika jamii za wachimbaji wadogo Geita: karibu nusu yao walikula udongo, na udongo huo ulipopimwa ulikutwa na madini yakiwemo arseniki, kromiamu na nikeli. Mwamba wenye dhahabu mara nyingi huwa na arseniki pia, kwa hiyo mahali ambapo udongo una thamani ndipo haufai kuliwa. Mama mjamzito anauhitaji kwa hamu ya kweli, mara nyingi kwa upungufu wa damu. Mgagani, nsansa, dagaa na maini vinauzwa meza ya jirani. Kliniki ikimwambia aache pemba bila kumwambia ale nini, ameachiwa hamu ile ile.

Kuna kisa kinachosimuliwa kila mahali ninapokula huku. Oktoba 2015 duara liliporomoka Nyangalata, wilayani Kahama, na watu wakazibwa chini. Siku 41 baadaye, katikati ya Novemba, watano walitolewa wakiwa hai. Waliishi kwa maji yaliyodondoka mwambani, mizizi, mende na vyura. Wachimbaji wanapokisimulia hawakiweki kwenye hadithi za miujiza tu. Wanakisimulia mezani, sahani ikiwa mbele yao, na kwa sauti ya watu wanaojua kwamba kesho wanashuka tena. Ndiyo maana huwa sipendi wageni wanapomlaumu mchimbaji kwa kula nyama choma ya fedha yote siku ya mgao. Anakula akijua alikotoka.

Kuna chakula kingine ambacho wengi hawakihusishi na machimbo, kinachotoka ngitili, yaani malisho yanayofungwa ili yajirudie. Miaka ya 1980 sehemu kubwa ya Shinyanga ilikuwa imebaki tupu, miti imekatwa kwa ajili ya kufukuza mbung'o, kupanua pamba na kupata kuni. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986, na akili yake kubwa ilikuwa kurudia utaratibu wa Wasukuma wenyewe wa kufunga malisho ili nyasi na miti ijirudie. Maelfu kwa maelfu ya hekta yalirudi kuwa na miti. Pamoja na malisho zikarudi asali, matunda pori, uyoga wa masika na mboga za kuokota ambazo zilikuwa zimebaki kwenye kumbukumbu za bibi tu. Ndizo zinazotwangwa na karanga kwenye vibanda vya machimbo leo. Lakini machimbo yanahitaji matimba na mkaa, na msumeno unajua njia ya ngitili. Mama lishe anayepika kwa mkaa wa mti uliompa mboga anaona hasara hiyo mapema kuliko ofisi yoyote: bei ya fungu la mboga pori inapanda mwaka hadi mwaka.

Nirudi kwenye daftari, kwa sababu kuna jambo la kudai. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Halmashauri za ukanda huu zina mapato yanayotokana na dhahabu, hasa tangu masoko ya madini yaanzishwe mwaka 2019, la Geita likiwa la mwanzo. Ingetarajiwa mama lishe wa machimboni wawe wa kwanza kwenye foleni. Wengi hawapo, maana kikundi kinatakiwa kisajiliwe, kiwe na mahali pa kudumu pa biashara, na wanachama wake wajulikane na serikali ya mtaa. Rashi inahama, na mpishi anahama nayo: Mgusu mwaka huu, Nyarugusu mwaka ujao, halafu pori ambalo bado halina jina. Ofisi inamwona mtu asiye na makazi. Mimi namwona mtu ambaye kwa kitabu cha shule amelisha duara zima mpaka dhahabu ikatoka, na ambaye akilipwa kwa mfuko wa mawe badala ya fedha hubeba hatari ya karashani mwenyewe, mawe yakiwa matupu hasara ni yake. Hakuna mnunuzi wa dhahabu, wala benki, wala mwenye duara anayetoa mkopo mapema kama yeye, na hakuna anayedaiwa vielelezo vingi kama yeye akienda kukopa.

Usajili unaweza kuhama na kikundi ndani ya wilaya. Daftari lenye marejesho ya miaka miwili linaweza kukubaliwa kama historia ya mkopo, kwa kuwa ndivyo lilivyo. Maafisa maendeleo ya jamii wanaweza kufanya siku moja kwa mwezi machimboni, kama wauza mitumba wanavyofanya siku ya gulio. Niliyaandika hayo kwenye ripoti yangu ya fildi, nikayarudia kwenye mikutano ya vyama vya akiba na mikopo nilivyofanya navyo kazi baadaye, na nitaendelea kuyasema.

Mara ya mwisho nilipopita Kakola mama yule alikuwa bado anasubiri jibu la kikundi chao, watu watano, wote wapishi. Nilimuuliza wakipata fedha atafanya nini kwanza. Alisema turubai kubwa, tangi la maji, na jiko la nne. Vijana kutoka Rungwe wamefika duara la pili, wanakula kwake kwa deni tangu mvua za kwanza, na wanaulizia ndizi za kwao zinazopikwa na maziwa. Amekwishapata mtu wa kumfundisha.